Aya Mlangoni na Siku ya Kuibandua



Katika mitaa yetu ya Likoni, Kisauni na Changamwe, vibandiko vya Ayatul Kursiyy juu ya milango na dua ya safari kwenye vioo vya tuktuk ni jambo la kawaida. Kubandika twakupenda, kubandua hatukufikirii. Jua letu na hewa ya chumvi havikawii: plastiki hukauka, hunywea, pembe zikajikunja, na jina la Mwenyezi Mungu likabaki nusu ukutani, nusu sakafuni likingoja ufagio.

Imam Nawawi ametaja katika At-Tibyan kwamba madhehebu yetu ya Shafii yachukia kunakshi kuta na nguo kwa Qur'ani na majina ya Mwenyezi Mungu. Hatuyasemi haya ili kina mama wakaivue milango yao jioni hii. Twayasema ili anayebandika ajue kuwa amechukua amana.

Aliyekwisha kuazimia, basi, achague mahali pa juu, mbali na choo na moshi wa jiko. Na kwenye gari, si bampani penye kurukiwa na tope. Ukuta wa chokaa hutoa unga, haushiki gundi. Hapo afadhali fremu ya kutundika, nasi twaipenda zaidi popote pale, kwani huondolewa salama. Penye kioo au mbao ya rangi, osha kwa sabuni, kausha kabisa, kisha sukuma kwa kadi ya plastiki kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke.

Siku ya kubandua, usikwangue kwa kisu. Joto hulainisha gundi: kandika kitambaa kilichochovywa maji ya moto, au tumia draya ya nywele, kisha vuta polepole kuanzia pembeni. Gundi inayobaki ipake mafuta ya kupikia, iache robo saa, ipanguse na kuiosha kwa sabuni. Tina ni ya haraka, lakini huondoka na rangi ya mlango.

Huulizwa pia kama mwanamke aliye katika hedhi aweza kuifanya kazi hii. Wanazuoni wa Kishafii wametofautisha kilichoandikwa kwa ajili ya kusomwa, kama ubao wa chuoni, na kilichoandikwa kwa kutaka baraka. Hiki cha pili hakuzuiliwa kukigusa.

Kigumu zaidi ni mahali pa kukipeleka. Sayyidna Uthman, radhi za Allah zimfikie, aliamuru nakala nyingine zichomwe baada ya misahafu yake kuandikwa, na hiyo ndiyo hoja ya wanaochoma. Lakini hii ni plastiki: moshi wake una sumu, na uani kuna watoto. Wino wake hautoki kwa maji kama zafarani ya kombe. Ukiitupa baharini haiozi. Mawimbi huirudisha ufuoni pamoja na taka. Twaona lililo salama ni kuikata kwa mkasi mpaka herufi zisisomeke, kisha kuizika mahali safi pasipokanyagwa. Asiye na ua, na wengi wetu ni wapangaji, aweke vipande ndani ya bahasha, aulize msikitini au chuoni ambako misahafu mikuukuu huhifadhiwa hadi izikwe.

Na gari linapouzwa, vibandiko vitolewe kabla ya kukabidhi funguo, kwani hatujui mnunuzi ataliegesha wapi, wala litaishia kwa muuza vyuma chakavu gani.