Mei Mosi: Siku Moja, Kumbukumbu Mbili na Tangazo la Singida

Tarehe 1 Mei 2025, masikio ya watumishi wa umma nchini kote yalielekezwa katika viwanja vya Bombadia mjini Singida, ambako Sherehe za Siku ya Wafanyakazi Duniani ziliadhimishwa kitaifa. Akihutubia wafanyakazi waliokusanyika hapo, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai 2025.

Kwa mtumishi wa ngazi ya chini, hilo lilikuwa ongezeko la shilingi 130,000 kila mwezi. Hata hivyo, uzito wa tangazo hilo hauishii kwenye tarakimu. Siku lilipotolewa ina kumbukumbu mbili katika historia ya Tanzania, na ni moja tu kati ya hizo inayotajwa mara kwa mara.

Kumbukumbu ya kwanza ni ya dunia nzima. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa Marekani waligoma kwa maelfu, mji wa Chicago ukiwa kitovu cha mgomo huo, wakidai siku ya kazi isiyozidi saa nane. Siku tatu baadaye mkutano wao katika eneo la Haymarket ulimalizika kwa mlipuko wa bomu na umwagaji wa damu. Mwaka 1889 wajumbe wa vyama vya wafanyakazi na vya kijamaa waliokutana Paris waliichagua tarehe hiyo kuwa siku ya madai ya wafanyakazi, na kuanzia 1890 ikaanza kuadhimishwa katika nchi mbalimbali.

Kumbukumbu ya pili ni ya nyumbani. Tarehe 1 Mei 1961 Tanganyika ilipata Serikali ya Madaraka, kufuatia makubaliano ya mkutano wa katiba uliofanyika Dar es Salaam Machi mwaka huo. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyekuwa Waziri Kiongozi tangu Septemba 1960, siku hiyo akawa Waziri Mkuu. Uhuru kamili ulifuata tarehe 9 Desemba 1961. Kwa kuwa sherehe ya Desemba ni kubwa, hatua ya Mei imefunikwa na kivuli chake, ingawa ndiyo iliyoweka mambo ya ndani ya nchi mikononi mwa wananchi.

Kumbukumbu hizi mbili hazikukutana katika kalenda pekee. Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, lililoundwa mwaka 1955, lilikuwa miongoni mwa nguvu zilizosukuma mbele madai ya kujitawala. Katibu Mkuu wake wa kwanza, Rashidi Mfaume Kawawa, ndiye aliyepokea uwaziri mkuu tarehe 22 Januari 1962, Mwalimu alipojiuzulu ili aijenge TANU. Kiongozi aliyepata malezi yake ya uongozi katika vyama vya wafanyakazi akawa mkuu wa Serikali.

Hapo ndipo penye maana ya Singida. Kabla ya Madaraka, neno la mwisho kuhusu maslahi ya mfanyakazi lilikuwa la utawala wa kikoloni, ambao haukuwajibika kwake. Leo vyama vya wafanyakazi, chini ya shirikisho lao TUCTA, huwasilisha madai yao mbele ya Rais wa nchi yao, naye hutarajiwa kuyajibu hadharani. Desturi hiyo huhama kutoka mkoa hadi mkoa: Mwanza mwaka 2021, Dodoma 2022, Morogoro 2023, Arusha 2024 na Singida 2025. Ni baada ya sherehe za Dodoma ndipo Serikali iliporidhia ongezeko la asilimia 23.3, lililokifikisha kima cha chini katika shilingi 370,000.

Pamoja na hayo, ni vyema mwananchi atambue mipaka ya tangazo la Singida. Shilingi 500,000 ni kima cha mtumishi wa umma. Kijana anayelipwa mshahara katika kiwanda cha kukamua alizeti mjini Singida, au mhudumu wa nyumba ya wageni Manyoni, hayumo katika kima hicho. Wao wanalindwa na Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya sekta binafsi, ambayo huweka viwango tofauti kwa kila sekta. Oktoba 2025 Serikali ilitangaza viwango vipya vya sekta hiyo, vinavyotumika kuanzia Januari 2026. Aidha, mkulima wa alizeti asiye na mwajiri hana kima cha mshahara. Kipato chake hutegemea mavuno na bei ya soko.

Kwa wenye mwajiri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, saa tisa kwa siku na siku sita kwa wiki. Inamtaka pia mwajiri ampatie mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Mgogoro ukizuka, mfanyakazi anaweza kufika kwa Afisa Kazi au kuupeleka mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Haki isiyojulikana kwa mwenyewe ni rahisi kupotea, na kiwango kilichotangazwa jukwaani humfaa yule anayekilinganisha na hati yake ya malipo.

Kila Mei Mosi inapowadia, basi, Mtanzania ana sababu mbili za kuikumbuka. Chicago iliuliza mfanyakazi anastahili nini. Madaraka ya 1961 yaliamua ni nani atakayewajibika kulijibu swali hilo katika nchi hii.