Mzee Dieng Dirishani

Wako wapenzi wa sinema wanaopima uzuri wa filamu kwa wingi wa risasi na magari yanayopinduka. Mpenzi wa sinema aliyekwisha kutazama kwa mfululizo filamu tatu za Ousmane Sembène wa Senegal hutoka na kipimo kingine. Katika "Mandabi" ya mwaka 1968 hauawi mtu. Kuna mzee, kuna hawala ya fedha, na kuna madirisha ya ofisi.

Mzee huyo, Ibrahima Dieng wa Dakar, hana kazi. Ana wake wawili na watoto saba. Mpwawe anayefagia mitaa ya Paris anamtumia faranga 25,000, nyingi zikiwa za kumwekea akiba. Posta inadai kitambulisho. Polisi, ili watoe kitambulisho, wanadai cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Ofisi ya mji nayo inadai tarehe kamili, hali Dieng anajua tu kwamba alizaliwa yapata mwaka 1900. Mpiga picha anachukua fedha, picha hazitoki, na mzee anarudi nyumbani akitokwa damu puani. Majirani waliopata habari za hawala wamejaa mlangoni kukopa.

La kuangaliwa ni kwamba karibu makarani wote hao hawavunji kanuni yoyote. Kila mmoja anadai alichoagizwa kudai, kisha anamwita mtu wa pili kwenye foleni. Hapo ndipo filamu hii humchoma mtumishi wa ofisi kuliko hotuba nyingi dhidi ya urasimu. Sembène, aliyepata kuwa kuli wa bandarini Marseille na mwandishi wa vitabu kabla ya kusomea sinema Moscow, aliujua vyema upande wa dirisha ambako watu husimama. Wala hakumpamba mzee wake. Dieng ni mwenye majivuno, hula akashiba na kuwatumikisha wakeze kama sultani. Pamoja na hayo, fedha ni haki yake. Mwalimu adhaniaye kuwa haki ni ya watu wema tu atafaidika kumtazama.

"Xala" ya mwaka 1975 ina kishindo zaidi. Wafanyabiashara wazalendo wanawafukuza Wafaransa katika chama chao, kisha wanapokea kutoka kwa haohao mikoba iliyojaa noti. El Hadji anaoa mke wa tatu, na usiku wa harusi nguvu za kiume zinamtoka. Gari lake huoshwa kwa maji ya chupa kutoka ng'ambo. Wakaguzi wa Senegal waliikatakata kabla ya kuiruhusu. Watazamaji hucheka sana, na pengine huo ndio udhaifu wake: kumcheka mwenye Mercedes hakumgharimu kitu asiye nayo.

"Borom Sarret" ya mwaka 1963, ya dakika zipatazo 20 tu, haichekeshi. Nishani ya mwendesha mkokoteni inaanguka chini, na askari anaikanyaga.

Lakini turudi kwa Dieng. Hatimaye ndugu yake msomi, mwenye suti na Kifaransa fasaha, anajitolea kumsaidia. Mzee anamwekea saini hati ya uwakilishi. Msomi anazichukua fedha zote, kisha anamletea Dieng gunia la mchele na hadithi ya mwizi aliyemchomolea mfukoni.