Gesti zetu na ugonjwa wa vioo

Msimu wa korosho ukianza, sisi tunaofuata minada makazi yetu ni gesti za Nachingwea na Ruangwa. Nina neno na wanaozijenga.

Siku hizi kila gesti mpya ni vioo. Dirisha la alumini la kusukuma hufunguka nusu tu. Dari ya jipsamu imeshushwa mpaka ukisimama kitandani unaigusa. Mlango unatazama korido yenye giza, sasa hewa ipite wapi? Umeme ukikatika saa nane mchana, feni ikasimama, chumba hakikaliki.

Joto hili si geni huku: Waingereza walilikuta walipokuja na mradi wao wa karanga, ulioanza 1947, ukafa 1951. Hata reli yake ya Mtwara–Nachingwea iling'olewa. Kilimo kiliwashinda, lakini wakoloni wale walijua kujikinga na jua: baraza pana, paa lililotoka nje ya ukuta, madirisha ya wavu yanayotazamana. Wala hawakutufundisha sisi. Bibi yangu alikuwa na baraza, na ukuta wake haukufika paani, moshi na joto vilitokea hapo juu.

Mwenye gesti ataniambia baraza linakula vyumba viwili. Sawa. Lakini apige hesabu ya bili ya kiyoyozi kwa mwaka. Ruangwa wageni wapo: tangu timu ya soka ya Namungo ipande Ligi Kuu mwaka 2019 kuna mashabiki, na kuna watu wa madini ya kinywe. Halmashauri, mkipitisha ramani, ulizeni madirisha yanatazama wapi. Yakitazama magharibi bila kivuli, irudisheni kwa mchoraji.