Wadosi, Madharau ya Mlangoni Ndiyo Yatawafungia Biashara!

Umewahi kuingia hoteli na doo yako mfukoni, kisha weita akakuangalia kutoka viatu hadi kichwa kama mtu aliyekuja kuomba? Unakaa dakika ishirini, hakuna anayekuja kuchukua oda. Meza ya pembeni waliokupata hapo tayari wanakula. Ukiuliza unaambiwa, "Si ungoje!" Basi unainuka, unatoka, na hiyo stori iko kwa grupu ya WhatsApp kabla hujafika steji.

Hapo ndipo wadosi wengi huchezwa. Wanalipia bango Thika Road, wanaita maseleb wapigwe picha, lakini jina la biashara liko mikononi mwa soja wa mlangoni na msichana wa kaunta, wale wanaolipwa kidogo zaidi.

Unakumbuka ule mkahawa wa Wachina Kilimani, Machi 2015? Ilijulikana kwamba Mwafrika haruhusiwi kuingia baada ya saa kumi na moja jioni, labda awe ameandamana na Mchina, Mzungu ama Mhindi. Wenyewe walijitetea kwamba waliwahi kuibiwa na watu waliojifanya kastoma. Nani alitaka kusikia hayo? Twitter iliwaka moto. Kaunti ya Nairobi, wakati huo chini ya gavana Evans Kidero, ikaenda kukagua na kupata leseni hazijakamilika. Milango ikafungwa na kesi ikafika kortini.

Sasa angalia vizuri. Wakenya hawakukasirishwa na leseni. Walikasirishwa na madharau, na madharau ndiyo yalifanya kila mtu aanze kuchungulia mambo mengine ya hiyo biashara.

Na si kwetu tu. Aprili 2017, abiria David Dao aliburutwa kutoka kwa ndege ya United Airlines huko Chicago kwa sababu alikataa kuachia wafanyakazi wa kampuni kiti alicholipia. Mkubwa wao, Oscar Munoz, kwanza aliwatetea wafanyakazi wake. Siku iliyofuata, hisa zikishuka na video ikizunguka dunia nzima, ndipo akaomba msamaha wa ukweli. Angeanza na huo msamaha, kelele zingepungua.

Linganisha na mama mboga wako. Hana bango wala seleb. Anakuita kwa jina la mtoto wako, anakukatia sukuma, anakuongezea dania ya bure, na siku huna kitu anakuandika kwa kitabu. Ndiyo maana unapita vibanda vitatu ukienda kwake, hata kama nyanya ni bei moja.

Kwa hivyo mdosi, kabla hujalipia tangazo lingine, ingia kwa duka lako siku moja kama kastoma asiyejulikana. Walipe watu wako vizuri, uwafunze, na uwape ruhusa ya kutatua shida bila kungoja meneja. Wakikosea, omba msamaha mapema.

Na wewe kastoma, sheria haiwezi kumlazimisha weita atabasamu, lakini Katiba yetu, kifungu cha 46, inakupa haki ya huduma ya ubora unaofaa, na kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi. Ukidharauliwa, usinyamaze halafu urudi pale pale wiki ijayo. Doo ni yako na miguu pia ni yako.