Safari ya Kisiwani Huanzia Darasani

Ziara ya masomo ni mojawapo ya mbinu ambazo kila mwanachuo huzitaja kwa ufasaha katika mtihani wa mbinu za kufundishia. Ataandika kwamba ziara humkutanisha mwanafunzi na kitu halisi, kwamba huamsha udadisi, na kwamba huunganisha shule na jamii. Naye atapata alama zake. Lakini akishaanza kazi, ziara hiyo hupatwa na moja kati ya mambo mawili. Ama haifanyiki kabisa, kwa kuwa hakuna fedha, ama inafanyika kama matembezi ya siku moja, ambayo watoto hupakiwa, huonyeshwa na kurudishwa. Kwa maoni yetu, kasoro ya matembezi ya namna hiyo huanza kabla ya siku ya safari. Mwalimu alipanga kila kitu peke yake ofisini, nao wanafunzi wakapewa taarifa ya siku ya kuleta mchango.

Hoja yetu katika makala haya ni kwamba kupanga safari ni somo kamili, tena lenye faida kubwa pengine kuliko safari yenyewe. Mwalimu anayepanga peke yake amewanyima wanafunzi wake sehemu iliyo bora. Ili tusizungumze hewani, tutachukua mfano wa safari ya kwenda Kilwa Kisiwani, ambayo shule nyingi za pwani ya kusini zinaweza kuifikiria, na ambayo ina kila jambo linalomtatiza mwalimu: barabara, bahari, fedha, na mahali patakatifu kwa historia yetu.

Kisiwa chenyewe

Mgeni atokaye Dar es Salaam huiacha barabara kuu ya Lindi pale Nangurukuru, akashuka hadi Kilwa Masoko. Toka hapo kisiwa kinaonekana kwa macho, ng'ambo ya mkono wa bahari. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa akausifu mji huo kwa uzuri wake. Katika karne hiyo ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa, jumba la kifalme juu ya mwamba unaotazama bahari, lenye birika la kuogea la pembe nane. Msikiti Mkuu ulipanuliwa, ukaongezwa kuba. Dhahabu iliyotoka bara kupitia Sofala ilipita mikononi mwa watu wa Kilwa, nao walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji na kujenga ngome, na ngome inayoonekana leo kwa jina la Gereza ilijengwa upya baadaye, katika zama za Waomani.

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zikibomoka na mawimbi yakila ufuko. Yakaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyahifadhi. Mwanafunzi anayekwenda huko anakwenda kuona kitu ambacho kingaliweza kupotea, na ambacho bado kinahitaji ulinzi wake.

Upepo na maji

Swali la kwanza la mpango ni lini. Mwalimu aliyezoea kalenda ya shule huchagua siku ambayo haina mtihani. Sisi tunapendekeza swali hilo liandikwe ubaoni, nao wanafunzi waachwe walitafutie jibu. Watagundua kwamba bahari nayo ina kalenda yake. Mvua za masika huanza kama mwezi Machi na kuendelea hadi Mei. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, na katika miezi ya Juni hadi Agosti bahari inaweza kuchafuka vibaya kwa chombo kidogo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Iwapo shule iko pwani, mvuvi mzoefu aalikwe darasani aulizwe. Iwapo iko mbali, wanafunzi wamwandikie barua nahodha wa Kilwa Masoko. Barua hiyo itakuwa na msomaji wa kweli atakayeijibu, jambo ambalo barua nyingi za vipindi vya Kiswahili hazina.

Hapo ndipo mwalimu hodari ataona kwamba jiografia imekwisha kufungua mlango wa historia. Upepo ule ule unaowafanya wanafunzi wachague tarehe ndio ulioujenga mji wanaokwenda kuutazama. Vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi vilishuka na kaskazi, vikarudi na kusi. Chombo kiliweza kufika Kilwa, kikafanya biashara, kikageuka kurudi kwao bila kukosa majira. Kikienda kusini zaidi kilikuwa katika hatari ya kukwama hadi mwaka wa pili. Kilwa ilikaa mahali ambapo upepo ulimruhusu mfanyabiashara kufika na kurudi, ikatajirika. Mwanafunzi aliyekuna kichwa kutafuta mwezi wa kuvuka salama hahitaji kukaririshwa sababu hiyo, maana ameifikia kwa akili yake.

Swali la pili ni saa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na kidogo, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwalimu atoe hesabu hii: leo maji yamejaa saa 4:00 asubuhi, baada ya siku 7 yatajaa saa ngapi? Mara 7 kwa 50 ni dakika 350, yaani saa 5 na dakika 50. Basi maji yatajaa kama saa 9:50 alasiri, na asubuhi ya siku hiyo, mnamo saa 3:40, yatakuwa yamekupwa. Shule iliyopanga kupanda mashua asubuhi kwa kutazama maji ya leo itakuta mashua imekaa mbali, na watoto wadogo watalazimika kukanyaga maji na matope kuifikia. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani hiyo huzidi mita 3. Hesabu ya namna hii imo katika uwezo wa mwanafunzi wa Darasa la Tano, naye hatauliza inamfaa nini.

Hesabu yenye baki

Sasa tuje kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Tuseme wanafunzi ni 40 na walimu 4, na mashua imeruhusiwa kubeba abiria 12. Wanafunzi waulizwe: itavuka mara ngapi? Wengi watagawa 44 kwa 12, wapate 3 na baki 8. Katika daftari la Hisabati baki hiyo huandikwa pembeni, nayo imekwisha. Ufukoni ni watu 8 waliosimama wakisubiri, jua linapanda, na nahodha anasema, “Wapakieni tu, ni karibu.” Watu 44 kwa safari 3 ni 14 au 15 katika kila safari. Wawili au watatu tu wa ziada! Ndivyo inavyosemwa siku zote.

Nchi yetu imekwisha kulia kwa sababu ya hesabu hiyo. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba tarehe 10 Septemba 2011. MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Vyote vitatu vilikuwa vimebeba kupita uwezo wake. Mwanafunzi aliyekokotoa mwenyewe na kuona kwamba jibu sahihi ni safari 4, si 3, amejifunza jambo litakalomlinda atakapokuwa abiria, mzazi, au nahodha.

Tena jibu hilo lina uzuri wake. Safari 4 kwa watu 44 ni watu 11 kila safari: mwalimu 1 na wanafunzi 10, na nafasi moja ikabaki wazi. Wanafunzi waendelee kuulizwa: baada ya safari ya kwanza, ni walimu wangapi walio kila upande? Wakichora jedwali wataona kwamba hakuna wakati ambapo watoto wanabaki bila mwalimu, iwe Masoko au kisiwani. Kisha waulizwe jaketi za kujiokolea ni ngapi, na ziko za kimo cha watoto? Mwanafunzi akishajua idadi hiyo, atamkumbusha hata mwalimu aliyesahau.

Fedha na asiye nazo

Orodha ya gharama nayo itengenezwe darasani: basi, mashua, kiingilio, chakula, na akiba ya dharura. Wanafunzi wajumlishe, wagawe kwa 40, wapate mchango wa kila mmoja. Hapo ndipo ukweli utakapojitokeza, maana wapo watakaoshindwa kulipa. Mwalimu anapaswa kuyajua majina yao kwa siri, wala asiyataje. Darasa lipewe idadi tu: wenzetu 6 hawataweza, tufanye nini?

Wanafunzi watapendekeza mengi. Wengine watasema mchango upandishwe kwa 34 waliobaki. Wengine watasema chakula kitoke nyumbani ili gharama ipungue. Wengine watasema tulime bustani ya mchicha na kuuza. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alilalamikia elimu inayomtenga mtoto na maisha ya wazazi wake. Bustani iliyolimwa ili wenzetu 6 wavuke bahari pamoja nasi ni jibu la lalamiko hilo, kuliko shamba la shule ambalo mtoto hajui mazao yake yanakwenda wapi. Na ikiwa fedha hazikutimia, safari ingoje. Safari iliyowaacha watoto 6 nyuma kwa umaskini wao imefundisha somo moja kwa ukamilifu, nalo si la historia.

Swali moja kwa kila kundi

Mwalimu asitake wanafunzi waone kila kitu kisiwani. Kila kundi lichukue swali moja toka darasani. Moja liulize kuta zilijengwa kwa nini, nalo litaona mawe ya matumbawe na chokaa. Jingine liulize watu walipata wapi maji ya kunywa. Jingine lipime Msikiti Mkuu kwa hatua na kuchora ramani yake. Jingine liulize kwa nini jumba la mfalme lilijengwa mbali na mji, juu ya mwamba.

Adabu nayo ipangwe. Kisiwa hicho si makumbusho matupu: wapo watu wanaoishi humo, na mgeni hupiga hodi. Wanafunzi wasipande juu ya kuta wala wasiokote vigae, hata viwe vidogo namna gani, kwani Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda. Mwalimu anayetaka katazo hilo lieleweke atoe hesabu nyingine: wageni 44 wakiokota kigae kimoja kimoja, na shule 20 zikifanya hivyo kila mwaka, baada ya miaka 10 vitakuwa vimeondoka vigae 8,800. Watoto wataelewa bila kutishwa.

Pingamizi

Tunajua yatakayosemwa. Wapo watakaosema muda hautoshi, kwani muhtasari ni mrefu. Tunajibu kwamba kugawa, kukokotoa saa, kuandika barua rasmi, kusoma ramani na kueleza pepo za msimu ni muhtasari huo huo. Mwalimu aviandike vipindi hivyo katika azimio lake la kazi kama vipindi vya kawaida.

Wapo watakaosema darasa lao lina watoto 90. Hao wote 90 wanaweza kupanga. Hesabu yao itawaonyesha kwamba kwa watoto 10 kwa mtu mzima mmoja wanahitaji watu wazima 9. Basi wazazi waombwe, au darasa liende kwa zamu mbili.

Wapo pia watakaosema shule yao iko Singida au Rukwa, na bahari ni mbali. Kwao tunasema wachague mahali wanapoweza kufika: mlima, mto, kiwanda, au gulio. Maswali ni yale yale: lini, vipi, kwa gharama gani, nani ataachwa, na tunakwenda kutafuta nini. Ila jambo moja tunalikataza. Mwalimu asiwapangishe watoto safari ambayo anajua haitakuwapo, huku akiwaaminisha kwamba watakwenda. Ikiwa ni zoezi la ramani tu, awaambie tangu mwanzo. Mtoto aliyedanganywa mara moja hatapanga tena kwa moyo.

Mwanachuo unayesoma makala haya, utakapopelekwa mazoezi ya kufundisha, usingoje kupewa basi ndipo uanze ziara. Andika swali moja ubaoni, uwape wanafunzi chaki, nawe ukae nyuma usikilize. Watakapobishana kuhusu mashua, maji na wenzao wasio na nauli, ujue somo limekwisha kuanza.