MABOKSI TUMEYABEBA VYA KUTOSHA, SASA TUYASIMAMISHE!

Kuna ugonjwa hapa mjini unaitwa "hayo ni mambo ya watoto". Wanaougua zaidi ni wakubwa, wale wa meza kuu na maji ya chupa. Kijana akiwaambia anataka kuunda roboti la maboksi, refu kuliko mlingoti wa goli, alisimamishe uwanjani lishindane na la mtaa wa pili, wanacheka mpaka chai inamwagika. Kijana huyo huyo akipata viza akaenda ughaibuni kubeba maboksi, wanamfanyia sherehe. Yaani boksi likiwa mgongoni ni kazi, likiingia kichwani ni utoto! Hivi jamani, nani mtoto hapo?

Hata hilo neno roboti wanalolitamka kwa madaha kwenye hotuba za teknolojia hawajui lilikotoka. Lilitokea kwenye mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, Mcheki, uitwao R.U.R., wa mwaka 1920. Asili yake ni neno la kwao lenye maana ya shokoa, kazi ya lazima aliyofanyishwa mkulima na bwana wa shamba. Shokoa! Babu zetu hawakuhitaji kwenda Prague kuelezwa maana yake. Kijana wa Manzese akiunda roboti lake, kwa mara moja anakuwa upande wa anayeamua, si wa anayetumwa. Labda hapo ndipo wakubwa wanapowashwa.

Wenzetu wamefanya. Kule Melbourne, Australia, tangu mwaka 2002 vijana hukutana kwenye kitu kinaitwa Boxwars: wanaunda deraya, mazimwi na magari makubwa kwa maboksi matupu, kisha wanapigana mpaka kila kitu kinakuwa chakavu, na takataka zinakwenda kurejelezwa. Los Angeles, mwaka 2012, filamu fupi iitwayo Caine's Arcade ilimwonyesha mtoto wa miaka 9 aliyejaza duka la vipuri la baba yake mashine za michezo za maboksi. Watu walichanga zaidi ya dola 200,000 za kumsomesha, na mwaka huo huo ikaanzishwa changamoto ya maboksi ya dunia nzima.

Mtasema hao ni Wazungu, wana muda wa kuchezea. Haya, njooni jirani. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 Rwanda, wakimbizi walikata miti kwa wingi ili kupata nguzo za mahema. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi likatoa nguzo za alumini. Watu wakaziuza, wakarudi kwenye miti. Unafikiri walilaumiwa na nani mwenye njaa? Aliyeleta jibu ni Mjapani Shigeru Ban: nguzo za mabomba ya karatasi nzito, kitu kisicho na soko la chuma chakavu. Mwaka 1999 mahema 50 ya namna hiyo yalijaribiwa Rwanda. Mwaka 2013 bwana huyo akakamilisha kanisa kuu la Christchurch, New Zealand, lenye mabomba ya karatasi na viti 700. Mwaka 2014 akapewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote za usanifu majengo. Karatasi, ndugu zangu! Mambo ya watoto!

Sasa tuingie kazini, maana kelele bila ufundi ni usanii. Boksi zuri ni la friji au la jenereta, lenye mawimbi tabaka mbili. Kariakoo yanatupwa, au yanauzwa kwa kilo. Chungulia ukingo wake utaona vimifereji. Vimifereji vikisimama wima, mguu unabeba. Vikilala, mguu unakunjika kama mkeka. Kwenye kifua gandisha karatasi mbili, mifereji ya moja ikikatiza ya nyingine. Gundi? Viwanda vya maboksi vyenyewe hugandisha kwa wanga, mara nyingi wa mahindi. Kwa hiyo uji mzito wa unga ni mwanzo mzuri, usidanganywe kwamba lazima gundi ya bei mbaya.

Kisha tengeneza mfano mdogo kwanza, wa urefu wa goti. Lakini angalia: ukiukuza mara mbili kila upande, unene nao mara mbili, uzito unapanda mara nane wakati unyayo unapanda mara nne tu. Galileo aliliandika hilo mwaka 1638, na bado maroboti yenye kichwa kama tangi la maji na miguu ya kuku yanaanguka. Panua nyayo, ndani weka mawe au mifuko ya mchanga. Na joto la Dar lina unyevu, adui mkubwa wa boksi. Paka rangi ya mafuta nje na ndani, tena msithubutu kufanya mashindano wakati wa masika. Subirini Juni.

Anayedhani roboti haliwezi kutoka Afrika aende Kinshasa. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walisimamisha barabarani maroboti ya alumini, yenye umeme wa jua, yakiongoza magari. Jina lake lilikuwa karibu kabisa na kiongozi, na aliongoza kweli.

Lakini ndugu msomaji, hofu yangu kubwa si roboti kuanguka. Ni mashindano yenyewe kutekwa. Tunajua ubabaishaji wake: mgeni rasmi anachelewa saa tatu, majaji ni marafiki wa mwandaaji, mshindi anapewa cheti na fulana, kesho mchoro wake uko kwenye tangazo la kampuni na yeye yuko kijiweni. Ndiyo maana tuseme mapema. Majaji watoke mtaani: fundi seremala, mama ntilie, mwalimu wa hesabu, mzoa taka. Alama zitangazwe hadharani, roboti kwa roboti. Na wananchi waulizwe kabla ya kisu kugusa boksi: roboti la mtaa wenu liseme nini? Wa Tandale wakitaka jitu linalozibua mtaro unaowafurikisha kila mvua, liwe hilo, hata kama mheshimiwa atanuna.

Na fomu ikija, isome mpaka mstari wa mwisho. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda kazi ya sanaa ya aliyeibuni tangu ilipoundwa. Si lazima uwe na wakili wala tai. Ukikuta mstari unaosema michoro yote ni mali ya mwandaaji, ukate kwa kalamu mbele yake, umtazame usoni. Akikataa, kunja boksi lako uondoke, na wenzako waondoke nawe. Mashindano bila washindani ni turubai na spika tu.

Wengine wameshaanza kisingizio kwamba kata haina uwanja. Muulizeni diwani: ule wa mpira, Jumatatu asubuhi unafanya nini?