Wauzaji wa magari ya umeme watutajie kilomita za kweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nitoe dukuduku langu kuhusu magari madogo ya umeme yaliyokwisha tumika, ambayo yameanza kuletwa nchini kutoka Japani, hasa yale ya Nissan Leaf.

Sina nia ya kuyapinga. Nchi yetu hutumia fedha nyingi za kigeni kununua petroli, na tangu mwaka 2024 tumeanza kupata umeme wa bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa ili litoe megawati 2,115. Lakini wauzaji wanatutajia kilomita ambazo magari hayo hayawezi kwenda.

Mwalimu mwenzangu wa kata jirani alichukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo akanunua Leaf ya toleo la kwanza. Aliambiwa kuwa betri ikijaa gari huenda kilomita 200. Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65, kwenda na kurudi 130, basi akaona zinabaki hata za kupitia sokoni. Safari ya kwanza alifika Korogwe betri iko ukingoni, ikambidi alale kwa shemeji yake gari likichajiwa kwenye soketi ya ukutani. Hivi sasa mkopo anakatwa kila mwezi, na Korogwe anakwenda kwa basi.

Je, muuzaji alitunga namba ile? La, hakuitunga. Ilitoka Japani, kwenye kipimo kiitwacho JC08, ambacho hufanywa gari likizungusha magurudumu juu ya mashine kwa mwendo wa wastani wa kama kilomita 24 kwa saa. Ulaya gari hilo hilo, lenye betri ile ile ya uniti 24, liliandikiwa kilomita 175. Marekani liliandikiwa 117 tu, kwa kuwa wao hupunguza hesabu ili ilingane na mwendo wa barabara kuu na matumizi ya kiyoyozi. Kwa hiyo hata lingekuwa jipya kutoka kiwandani, kwa kipimo cha Marekani lisingerudi Handeni bila kuchajiwa. Toleo la pili la mwaka 2017, lenye betri ya uniti 40, nalo lilitangazwa Japani kwa kilomita 400, na Marekani 243.

Tena gari la mtumba lina betri ya mtumba. Kwenye dashibodi ya Leaf kuna vipande 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Kipande cha kwanza kikipotea, betri imekwisha kupungua kwa kama asilimia 15. Gari la mwenzangu lina vipande 9, maana yake imebaki kama asilimia 70. Asilimia 70 ya 117 ni kama 82. Watoto wangu wa darasa la saba wanaipata hesabu hiyo. Ukitoa 65 za kufika Korogwe zinabaki 17. Betri hizo hazina maji ya kuzipoza, na wenye Leaf wa Arizona, jimbo la Marekani lenye joto kali, walilalamika mwaka 2012 kuwa zinapungua upesi. Wa Tanga na Dar es Salaam wayasikie hayo.

Kwa matumizi, sikatai, gari hili ni nafuu: kama uniti 21 kwa kilomita 100, pamoja na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Lakini mteja mdogo wa nyumbani, ambaye hatakiwi kuzidi uniti 75 kwa mwezi, akijaza betri hiyo mara tatu tu amezimaliza, na taa bado hajawasha.

Nashauri Shirika la Viwango, ambalo hukagua magari ya mitumba, lidai kila gari la umeme libandikwe karatasi inayotaja vipande vya betri vilivyobaki na kilomita kwa kipimo kimoja tu, si kila muuzaji achague kinachompendeza. Na vyama vya akiba na mikopo visitoe fedha za gari la namna hiyo kabla mkopaji hajaliendesha mwenyewe mpaka anakotaka kwenda na kurudi.

Mwenzangu anauliza pia kama mkoani Tanga yuko fundi anayebadilisha betri hizo, na kwa bei gani. Mwenye habari atuandikie humu humu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Handeni, Tanga.